Jinsi ya kuwafundisha maadili wanafunzi wa masters ya saikolojia tiba, wasiishie kukariri

Kama umepewa somo la maadili semista hii, nakuomba kanuni ziweke pembeni wiki ya kwanza, anza na tukio. Hata kanuni za kwanza za chama cha wanasaikolojia wa Marekani, za mwaka 1953, zilitokana na matukio ya kweli ambayo wanachama wenyewe waliyaandika na kuyatuma.

Mi naanzaga na hili. Binti wa miaka 24 kaletwa kliniki na mama yake mkubwa, na huyo mama ndo analipa. Kikao kimeisha, mama kamdaka mwanafunzi koridoni, "mwanangu hebu niambie, anasumbuliwa na nini huyu?" Sasa usiulize darasa watafanyaje, maana wote watajibu "nitatunza siri" na hapo hujafundisha kitu. Simamisha wawili, mmoja awe mama, mwenzake ajibu kwa sauti, maneno yenyewe. Utaona mtu anakwama kabisa, kwa sababu kwetu kumnyima mtu mzima jibu ni kukosa adabu na hakuna aliyemuonyesha heshima na usiri vinakaaje kwenye sentensi moja. Rudieni mpaka itoke kitu kama "Shikamoo mama, asante kwa kumleta, naona unavyohangaika naye. Aliyoniambia ni ya kwake, ila akikubali tutakaa wote watatu tuongee." Halafu warudishe nyuma kidogo, wajue haya yalitakiwa yasemwe kabla ya kikao, mama akiwepo, ili anayelipa ajue mapema analipia nini.

Mipaka ya usiri wengi wanaifundisha kwa kesi ya Tarasoff ya California, 1976 (mahakama ilisema mtaalamu akijua mteja wake ni hatari kwa mtu fulani, ana wajibu wa kumlinda huyo mtu), na ni sawa kabisa, ila usiishie huko. Kwa Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, wakati Kenya Mahakama Kuu ilishasema Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Kwa hiyo mwanafunzi wa Dar akikuuliza aandike nini kwenye faili la mteja aliyejaribu kujiua, usimkwepe: aandike ukweli, asifiche hatari, asijaze stori zisizosaidia matibabu, na amwambie msimamizi wake siku hiyohiyo.

Zawadi kutoka kwa wateja pitieni haraka tu. Kaeni zaidi kwenye WhatsApp, maana mtaalamu anaomba ushauri wa wenzake kwenye grupu kuhusu mteja wake, jina hataji, ila kaandika "mwalimu wa primary, ana mapacha, anaishi karibu na stendi", na jirani yeyote ashamjua. Wape meseji kama hiyo darasani waipunguze mpaka jirani asimtambue.

Na wewe anza kusema kosa lako, la sivyo hawatakwambia yao. Mi nawaambiaga nilivyomchangamkia mteja harusini, nikamwita kwa jina, mumewe akauliza "mnajuana wapi?" na yule dada akakosa cha kujibu, akabaki anaangalia sahani. Tangu hapo kila mteja mpya namuuliza siku ya kwanza: tukikutana sokoni, nikusalimie au nikupite?