Somo: Kurekodi muziki nyumbani, chumba kwanza, maiki baadaye

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Maalim, nimekusanya vijisenti vyangu, ninunue maiki gani?" Nami huuliza: utarekodia wapi? Hapo mtu huniona namkwepa.

Simkwepi. Pesa zangu za mwanzo za kupiga udi maharusini nilizimalizia kwenye maiki ya kondensa. Nikaifunga chumba cha juu, nyumba ya mawe, Mji Mkongwe, nikaimba beti mbili. Nilipovaa hedifoni nikasikia kunguru juu ya paa, honda uchochoroni, jirani anatwanga viungo, na sauti yangu ikinirudia kama naimba ndani ya birika la maji. Nikairejesha dukani nikidai mbovu. Muuzaji akaifunga pale pale dukani, ikawa safi kabisa. Nilitoka nimeinamisha kichwa. Maiki ilikuwa inasikia vizuri kupita kiasi, na chumba changu hakikustahiki kusikilizwa.

Kwa hiyo somo hili linaanzia chumbani.

Hatua ya 1: Kitayarishe chumba

Simama katikati, piga kofi moja. Ukisikia "taa!" ikakatika, umebahatika. Ukisikia mlio unatetemeka na kujirudia, hiyo ndiyo sauti itakayokaa ndani ya nyimbo zako zote, na hakuna programu itakayoitoa yote kwa usafi.

Nyumba zetu za mjini zina tatizo lao. Kuta ni za mawe na chokaa, sakafu ngumu, na vyumba vyembamba na virefu kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kuta mbili ngumu zinazotizamana kwa karibu hurushiana sauti kama watoto wanavyorushiana mpira. Nyumba ya shamba yenye ukuta wa udongo na makuti juu, pengine unayoionea haya, mara nyingi inarekodi vizuri zaidi.

Dawa yake mnayo nyumbani: godoro la sufi. Zito, limejaa nyuzinyuzi, linameza sauti. Simamisha moja nyuma ya muimbaji na jengine ubavuni, usiyabandike ukutani. Acha nafasi ya shubiri moja kati ya godoro na ukuta, litameza hata sauti za chini kidogo. Tandika jamvi na juu yake blanketi. Kabati la nguo lililojaa, ukilifungua milango, nalo ni msaada mkubwa. Kanga iliyotundikwa peke yake inapunguza makali ya juu tu, mavumo ya chini inayaacha kama yalivyo. Na zile trei za mayai watu wanazobandika ukutani, naomba mzirejeshe kwa wenye kuku. Hazina uzito wa kumeza chochote cha maana.

Watu huchanganya mambo mawili. Godoro linazuia mwangwi wa ndani. Kelele za nje halizizuii. Kelele huzuiwa na ukuta mzito usio na upenyo, na sisi madirisha yetu ni ya kupitisha upepo. Kwa kelele za nje silaha yako ni saa. Mie hurekodi kuanzia saa nne za usiku hadi saa saba. Kunguru wamelala, maduka yamefungwa, na adhana ya isha imeshapita, kwani wakati wa adhana unaweka vyombo chini kwa hali yoyote. Zima feni, zima friji ikiwa iko karibu (na uweke ufunguo wa gari au simu yako ndani ya friji, ili usisahau kuiwasha, mie nimeshaozesha samaki mara mbili). Joto utalistahamili: imba ubeti mmoja, fungua dirisha, punga hewa, rudi.

Hatua ya 2: Sasa maiki

Ziko aina mbili zinazokuhusu. Ya dainamiki haihitaji umeme, inasikia kilicho karibu na kupuuza kilicho mbali, inastahamili kuanguka na joto. Ya kondensa inahitaji umeme wa volti 48 unaopita kwenye waya wake (mafundi wanauita fantomu), inasikia kila kitu kwa undani, na haipendi unyevu wala kugongwa.

Ikiwa chumba chako hakijatulia, nunua dainamiki na usione haya. Shure SM57 ilitoka mwaka 1965 na SM58 mwaka 1966, na hadi leo zimo studio za watu wakubwa. Angalia tu za bandia, ni nyingi. Kondensa ije chumba kikishakuwa kimya, khasa kama unarekodi udi au kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), maana huko ndiko utamu wake unakoonekana.

Nyingi katika hizi husikia kwa umbo la moyo: mbele zinasikia, nyuma ni viziwi. Basi mgongo wa maiki uelekee dirishani au kwenye kelele, uso ukuelekee wewe, na godoro liwe nyuma yako. Jambo hili halina gharama, na ndilo watu wanalolisahau.

Hatua ya 3: Intafesi, kompyuta, hedifoni

Intafesi ndiyo inayogeuza umeme wa maiki kuwa tarakimu za kompyuta. Yenye matundu mawili ya maiki, kama Focusrite Scarlett 2i2, inamtosha mtu wa nyumbani kwa miaka. Usilipie matundu manane kwa ajili ya kundi ambalo bado hujaliunda.

Programu: Audacity ni bure na inatosha kwa kuanzia. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Vijana wanaotengeneza biti (midundo) wamezoea FL Studio, nayo sawa. Usibadilishe programu kila mwezi.

Hedifoni ziwe za kufunika sikio lote, za waya. Za bluetooth zinachelewesha sauti, utaimba nyuma ya biti bila kujijua. Spika za studio acha kwanza. Katika chumba kisichotulia zinakudanganya.

Hatua ya 4: Kipimo cha sauti

Weka programu kwenye biti 24 na kilohezi 44.1, hivi ni vipimo vya ubora wa rekodi (ukirekodi kwa ajili ya video, kilohezi 48). Traki moja ya maiki (njia moja ya sauti ndani ya programu) itakula takriban megabaiti 8 kwa dakika, kwa hiyo pima nafasi mapema. Imba sehemu yenye nguvu kuliko zote, khasa kile kiitikio unachokitolea roho, kisha rekebisha geini (kitufe cha nguvu ya maiki kwenye intafesi) mpaka kilele kifike baina ya desibeli -12 na -10, desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na 0 ndiyo kikomo. Ikigusa 0 sauti imepasuka na hairudi. Muimbaji wa taarab anaanza taratibu, mashabiki wakianza kutunza anapandisha. Usipime kwa ubeti wa kwanza ukajidanganya.

Hatua ya 5: Mahali pa kuweka maiki

Sauti ya mtu: shubiri moja kutoka mdomoni, ikae pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige usoni. Soksi nyembamba ya kike iliyovutwa juu ya waya wa hanga inafanya kazi ile ile ya kichujio cha dukani. Ukisogea karibu mno sauti inanenepa chini. Wengine wanaipenda, mie naiona inameza maneno, na taarab bila maneno haina kitu.

Udi: usiielekeze maiki kwenye tundu, utapata mvumo mtupu. Ilenge pale shingo inapokutana na tumbo, umbali wa sentimita 25 hivi. Risha (kile kipande unachopigia nyuzi) ikikwangua sana, sogeza kidogo kuelekea shingoni. Sikiliza, sogeza vidole viwili, sikiliza tena. Mie naweza kumaliza nusu saa hapa, na sijawahi kujutia.

Kanuni: juu yake, nusu mita. Itie sauti, yaani linganisha nyuzi zake, ndani ya chumba kile kile, baada ya kukaa humo robo saa, maana kila nota ina nyuzi tatu na hewa ikibadilika zote zinakwenda njia yake.

Dumbaki (ngoma ya mkono): mbali zaidi kuliko unavyodhani, mita moja, na iwe ya mwisho kurekodiwa.

Na kama mnapiga pamoja kwa maiki moja, ni sawa kabisa. Siti binti Saad, muimbaji wetu wa taarab, na wenzake walipovuka bahari mwaka 1928 kwenda kurekodi Bombay hapakuwa na mambo ya traki. Wote walipiga kwa wakati mmoja, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Mizani mnaipanga kwa miguu: muimbaji karibu, fidla nyuma yake, ngoma mwisho. Kila ukiongeza umbali mara mbili sauti inapungua takriban desibeli 6, mahali pasipo na mwangwi mwingi.

Hatua ya 6: Umeme

Mvumo wa chini usiokatika ni umeme wa hezi 50 unaoingia kwenye nyaya. Chomoa chaja, rekodi kwa betri ya laptopu. Hapo hapo umejikinga na umeme kukatika katikati ya teki (rekodi ya mara moja) nzuri.

Hatua ya 7: Kumiksi

Kumiksi ni kuchanganya na kusawazisha ulichorekodi. Kata kila kilicho chini ya hezi 80, yaani mavumo ya chini kabisa, kwenye sauti ya mtu. Kompresa (inayoshusha sauti zinazopanda mno) ya wastani, 3 kwa 1. Mwangwi wa kutia, kidogo; ukianza kuusikia waziwazi, upunguze. Kisha sikiliza kwenye simu na ndani ya daladala. Maneno yakisikika humo, umemaliza.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Wete:* Maalim, sie huku nyumba ya bati na masika ndiyo haya. Nifanye nini, au nisubiri kiangazi?

Mvua ikinyesha juu ya bati hakuna maiki itakayokuokoa, ndugu yangu. Tumia siku za mvua kutunga, kufanya mazoezi, na kumiksi kwa hedifoni. Rekodi katika vile vipindi vya usiku inapokatika. Kuwa tayari, magodoro yawe yamesimama na waya umeshachomekwa. Wimbo wa dakika nne hauhitaji usiku mzima wa ukimya.

*Kutoka Bububu:* Nikiimba najisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni. Nimebadilisha waya mara mbili.

Waya hauna kosa. Ni bafa ya programu, ile akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuifanyia kazi. Ikiwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 1,024, sauti inachelewa kama milisekunde 23 kuingia na nyengine 23 kutoka. Wakati wa kurekodi ishushe hadi 128, ambayo ni karibu milisekunde 3. Wakati wa kumiksi ipandishe tena, kompyuta ipumue. Na tizama intafesi yako: nyingi zina kitufe cha kukusikilizisha moja kwa moja kabla sauti haijafika kwenye kompyuta. Ukikitumia hicho, nyamazisha traki kwenye programu, la sivyo utajisikia mara mbili.

*Kutoka Chake Chake:* Assalaam alaykum ustadhi. Kijana wetu aliyeturekodi qasida ametia ile programu ya kunyoosha sauti. Wazee wanasema si qasida tena, na mie nasikia kweli kuna kitu kimepotea lakini sikijui.

Waalaykum salaam. Wazee wamesikia sawa. Programu ile kwa kawaida imepangwa kwa nota 12 za kinanda. Maqamu (mipango ya nota ya muziki wa Kiarabu) kama Rasti na Bayati zina nota zinazokaa baina ya hizo. Nota ya tatu ya Rasti, kwa mfano, kinanda hakina. Programu ikiikuta inadhani muimbaji amekosea, inamvuta juu au chini. Mwambie aizime. Kama kuna neno moja kweli limetoka nje, mrudisheni muimbaji alirekodi upya lile neno, ni kazi ya dakika tano.

*Kutoka Kiembesamaki:* Sisi kina mama kumi na wawili na matari manne, maiki moja. Matari yanatufunika.

Bi mkubwa, simameni nusu duara mbele ya maiki, mita moja na nusu, wenye sauti nyembamba katikati. Matari yasiwe nyuma yenu kuelekea maiki. Yakae upande wa mgongo wa maiki, kule kiziwi, mita tatu au nne, chini kwenye jamvi, na magodoro nyuma yao. Sauti ya matari itafika tu, msiwe na khofu. Rekodini nusu dakika, sikilizeni, kisha msogee hatua moja, wao au nyinyi. Sauti ya anayeongoza ikizama, yeye peke yake asogee mbele kwa hatua moja.

*Kutoka Mkunazini:* Kondensa yangu imeanza kufanya chechechecheche. Niliiacha stendini tangu Mfunguo Mosi.

Hewa ya bahari hiyo. Unyevu umeingia kwenye kiwambo, ule utando wa ndani unaonasa sauti. Itie ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, iache siku tatu, usiitie juani wala usiipulizie mashine ya nywele. Mara nyingi inarudi. Na kuanzia sasa, ukimaliza kurekodi zima volti 48, subiri kidogo, ichomoe, irudishe koponi. Vifuko vikizeeka omba vyengine kwa wauza viatu wa Darajani, wao huvitupa.