Kabla hujabebesha miche ya dungusi kakati (yaani kuunganisha mche mchanga juu ya kakati nyingine)

Wembe uwe mpya, na uufute kwa spiriti kila unapokata.

Mche mama, ule wa chini unaobeba, uwe mdragoni (kakati ya tunda la dragoni) uliokwisha shika mizizi, ulionyweshwa siku mbili kabla. Mnyaa uuache uani kwenye uzio wake. Si kakati hata ukifanana nayo. Haiungani nao, na utomvu wake ukiruka jichoni ni balaa.

Fanya kazi asubuhi. Jioni hapa Mwanza vijidudu vya ziwani huja kama moshi kwenye taa na kunasa kwenye mkato mbichi.

Mche wa kubebesha uwe na wiki tatu au nne tangu uote, upana milimita 3 hivi.

Sasa duara, na hapa usiwe na haraka. Kata ncha ya mdragoni utazame: ndani ya nyama ya kijani kuna duara jembamba lililofifia. Hiyo ndiyo mishipa ya kupitisha maji. Mche nao una lake, dogo kama kichwa cha pini. Wengi huuweka mche katikati kabisa, panapopendeza, kumbe pale ni kiini kitupu. Ubaya ni kwamba haufi upesi. Wiki ya kwanza kijani, ya pili kijani, mwenyewe anawaonyesha majirani, na mche unakula akiba yake ya maji. Wiki ya tatu unanywea ubavuni. Ukiugusa unadondoka, na chini yake pamekauka peupe kama karatasi. Usogeze pembeni mpaka duara lake likatize la mdragoni. Ukikaa upande, si kasoro.

Kabla ya hapo, chonga kingo za mbavu kwa mshazari, maana nyama ikinywea ganda hubaki limesimama na kuunyanyua mche. Kata tena kipande chembamba juu ya mdragoni, ukiache palepale kuzuia mkato usikauke, ukitoe dakika ya mwisho. Bandika mche, bonyeza taratibu hewa itoke, funga kwa ukanda mwembamba wa nailoni.

Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kivulini, siku tano, uiinamishe kidogo matone yateremke ubavuni; tone likiingia kwenye mkato, panaoza. Usiweke karibu na mwamba, unashika joto hadi usiku. Chipukizi la mdragoni likitokea, ling'oe. Na usimalize miche yote siku moja. Bakiza mitatu minne kwenye kopo lake.