Trela ya filamu ya wanafunzi kwa simu mbili na tranka la bati

Trela nyingi za wanafunzi ninazoletewa nizitazame zina kasoro ileile: zinasimulia filamu nzima mbiombio, kama mtu anayejibu swali la ufupisho kwenye mtihani wa Kiswahili. Mama anaumwa, mtoto anaacha shule, anakutana na tajiri, anajuta, mama anafariki, muziki wa huzuni, kwisha. Ukishaitazama, filamu ya nini tena?

Mwongozo huu unafuata trela moja niliyoitengeneza na klabu ya filamu ya shule moja ya bweni hapa Dar, kwa simu mbili za Android, laptopu ya kuazima na tranka la bati. Nimeichagua hiyo kwa sababu karibu kila kosa linalowezekana tulilifanya humo.

(Jina "trela", kwa asiyejua, ni lilelile la tela la lori. Miaka ya 1910 huko Marekani vipande hivi vilionyeshwa baada ya filamu kwisha, vikiburuzwa nyuma yake. Filamu ikiisha watu wanaondoka, kwa hiyo vikahamishiwa mbele, jina likabaki nyuma.)

Hatua ya 1: Andika swali, ficha jibu

Hadithi yetu ni hii. Msichana wa kidato cha pili anarudi bweni baada ya likizo. Chini ya kitanda chake anakuta tranka lenye jina lake, limeandikwa kwa rangi nyeupe. Lake amelibeba kichwani.

Swali la trela: hili la pili limeletwa na nani, na ndani mna nini? Filamu yenyewe ina dakika 12 na inajibu yote mawili. Trela haijibu hata moja. Tuliandika sharti tukalibandika ukutani: *ndani ya trela, tranka halifunguki.*

Na wewe fanya hivyo. Swali lako likae kwenye sentensi moja. Kisha pitia skripti, tia alama kila sini (tukio la mahali na wakati mmoja) inayolijibu, na sini hizo zisiingie kwenye trela hata kama ndizo mlizozipiga vizuri kuliko zote. Hapa ndipo wanafunzi hugombana na mimi, maana sini ya kilio ndiyo huwa wanaiona fahari yao.

Urefu usizidi sekunde 90. Chama cha studio kubwa za Marekani huruhusu hadi dakika 2 na nusu, lakini wao nyuma ya trela wana filamu ya saa mbili. Sisi tulikuwa na sekunde 75 na shoti 31 (shoti ni kipande kimoja cha picha kisichokatwa).

Hatua ya 2: Vifaa vya kuigizia na maleba

Watu huvidharau vifaa, wanakimbilia kamera. Mimi hutumia siku nyingi zaidi hapa kuliko siku za kupiga picha, kwa sababu kwenye trela mtazamaji hana muda wa kuwajua wahusika. Ana muda wa kukiona kitu kimoja mara tano na kuanza kukihofia. Kwetu kitu hicho kilikuwa tranka.

Chukua daftari, chora jedwali: kifaa, mwenye nacho, kinaonekana sini zipi, kikoje (kipya, kimechakaa, kimefungwa), nani anakitunza. Safu ya mwisho ndiyo ya maana kuliko zote. Kifaa kisicho na mtunzaji kitapotea siku ya kupiga picha, tena saa ileile mnayokihitaji.

Tranka letu liliazimwa, likiwa jipya linang'aa. Bati linalong'aa ni balaa mbele ya kamera: linaakisi dirisha, linaakisi mpiga picha, kila kitu. Tulilisugua kwa msasa laini, tukalipaka udongo mwekundu uliokorogwa na maji kidogo, tukauacha ukauke, tukafuta kwa kitambaa kikavu. Udongo ulibaki kwenye kona na bawaba tu, likaonekana lina miaka kumi. Jina tuliliandika kwa rangi ya mafuta, kwa mkono wa mtu asiye fundi, herufi mbili zikachuruzika. Mwenye tranka aambiwe mapema. Wa kwetu alinunuliwa jingine.

Barua ya zamani: loweka karatasi kwenye chai ya rangi iliyopoa kwa dakika kumi hivi, ianike kivulini, ndipo uandike. Ukiandika kwanza, wino utatawanyika. Andika kwa herufi kubwa kuliko kawaida, maana wengi wataitazama trela kwenye skrini ya simu.

Damu: chemsha sukari na maji hadi viwe vizito, weka rangi nyekundu ya chakula, kisha kakao kidogo. Bila kakao inafanana na juisi nyekundu. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa kwa sababu haitoki kwenye shati jeupe la shule.

Panga: boksi gumu, karatasi ya fedha ya jikoni, gundi. La kweli lisiingie lokesheni hata kwa ajili ya shoti ya mbali. Na usiguse sare za polisi wala nguo zinazofanana na za jeshi, JWTZ. Raia kuzivaa bila idhini ni kosa kisheria, na kusema "tunaigiza" hakutakusaidia barabarani. Kama hadithi inamtaka askari, onyesha viatu, kivuli na sauti ya mlango kugongwa. Kwenye trela inatisha zaidi.

Sasa kosa letu. Tranka lilikuwa na kufuli la shaba la njano, mali ya mwanafunzi mmoja. Ijumaa jioni alilihitaji kufungia vitu vyake, akalichukua. Jumamosi mtu akaweka jingine, la kijivu. Hakuna aliyeona hadi tulipokaa kuhariri: msichana analishika kufuli la njano, anageuka, kufuli limekuwa la kijivu. Tulipoteza shoti nne nzuri. Tangu hapo kila sini ikiisha napiga picha mnato za kila kifaa na kila mwigizaji, mbele na ubavuni, na kabla ya kuendelea siku ya pili tunazitazama wote.

Hatua ya 3: Ruhusa

Fupi lakini usiiruke. Barua kwa mkuu wa shule, saini ya mzazi kwa kila mwigizaji aliye chini ya miaka 18, na ruhusa ya mwenye nyumba au duka. Kama nembo ya shule haijaruhusiwa kuonekana, ifunike kwa kipande cha kitambaa cha rangi ya sweta. Kwa Tanzania, upigaji wa filamu unasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya sheria ya mwaka 1976. Waulize kabla ya kutoka nje ya uzio wa shule, hata kama kazi ni ya wanafunzi.

Hatua ya 4: Kupiga picha

Kwanza futa lenzi. Sitanii, nusu ya picha zenye ukungu ninazoletewa ni jasho la mfukoni. Weka simu kwenye hali ya ndege ili mama asipige simu katikati ya teki (kila mara mnaporekodi shoti).

Kisha mipangilio: picha ya 1080p, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, shata 1/50, yaani kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Kwa nini 25 na si 30 ambazo simu huja nazo? Umeme wetu ni wa 50 Hz, hivyo taa zinazoufuata hupepesa mara 100 kwa sekunde ingawa jicho halioni. Shata ya 1/50 inachukua mipepeso miwili kamili kwenye kila fremu, mwanga unabaki uleule. Ukitumia 1/60, inayoendana na fremu 30, hesabu haigawanyiki, na utaona michirizi myeusi ikipanda na kushuka ukutani, hasa chini ya taa za bomba za bwenini. Michirizi hiyo ni kazi ngumu kuiondoa. Programu ya Open Camera ni ya bure. Blackmagic Camera pia ni ya bure, ila haikubali kila simu ya Android. Humo, funga mipangilio ya mwanga na rangi isijibadilishe yenyewe katikati ya shoti.

Jua la saa sita mchana huku kwetu linasimama utosini, macho ya mwigizaji yanageuka mashimo mawili. Piga za nje kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Ule mwanga wa dhahabu wa jioni usiupangie shoti tano. Karibu na ikweta jua linadondoka wima. Saa kumi na mbili kamili unalo, baada ya nusu saa unatafuta tochi. Panga shoti moja, iwe imefanyiwa mazoezi. Ndani, mweke mwigizaji ubavuni mwa dirisha, na upande wenye giza mtu ashike shuka jeupe lirudishe mwanga usoni.

Kama huna stendi, mfuko wa mchele kilo mbili unashika simu vizuri kwenye kona yoyote. Kwa kamera inayosogea, weka simu juu ya kitenge kilichokunjwa mezani, mtu avute kitenge polepole.

Kila shoti ianze sekunde tano kabla ya tendo na imalizike sekunde tano baada yake. Na piga nyuso zisizoigiza. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Mrusi Lev Kuleshov alionyesha kwamba uso uleule mkavu, ukiunganishwa na bakuli la supu, watu huuona una njaa. Ukiunganishwa na jeneza, huuona una majonzi. Mwigizaji wetu alikuwa akizidisha kila alipoambiwa aogope. Nikamwambia ahesabu kimoyomoyo vyandarua vilivyo bwenini. Uso huo, ukifuatiwa na tranka, ndio shoti inayotajwa na kila aliyeitazama trela.

Hatua ya 5: Sauti

Simu ya pili ndiyo kinasa sauti. Ifiche karibu na msemaji, kwenye mfuko wa shati au nyuma ya ndoo, irekodi faili ya WAV (sauti isiyobanwa) ya 48 kHz. Kila teki ianze kwa mtu kugonganisha viganja mara moja mbele ya kamera. Ukihariri utaona mstari mrefu uliochomoza kwenye mchoro wa sauti zote mbili, utaziweka sambamba.

Zima feni. Jua ratiba ya adhana na kengele ya shule. Kunguru wa Dar huwezi kuwapangia, kwa hiyo rekodi sekunde 30 za chumba kitupu, watu wote kimya, uwe na kitu cha kuzibia mapengo.

Baadaye kaeni na tranka peke yake. Liburuzeni kwenye saruji, lifungeni taratibu, lifungeni kwa hasira, dondosheni kufuli, kwaruzeni bati kwa ukucha. Tulirekodi nusu saa nzima, na theluthi mbili ya sauti za trela zilitoka humo. Hatukununua hata mlio mmoja.

Hatua ya 6: Kuhariri

Simu nyingi hazishiki idadi ya fremu sawasawa, hupunguza na kuongeza zenyewe. Matokeo yake midomo inaanza kuachana na maneno kadiri klipu inavyoendelea. Kabla ya yote pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadili faili za video, chagua fremu 25 zisizobadilika. Kwa kuhariri, programu ya DaVinci Resolve ya bure ina kila kitu, ila inataka mashine yenye misuli. Laptopu yetu ya GB 8 iliganda kila baada ya dakika kumi, tukahamia Shotcut, programu nyepesi zaidi, na kuhariri kwa nakala za klipu zenye ubora mdogo. Kwenye simu, CapCut inatosha.

Anza na sauti. Panga milio na maneno kwanza huku skrini ikiwa nyeusi, usikilize umefumba macho. Kama inasisimua bila picha, picha zitaipandia juu. Yetu ilikaa hivi: sekunde 12 za vicheko na kutandika vitanda. Tranka linaonekana, vicheko vinakatika. Kisha sauti moja tu ya mtu akisema, "Mbona lako umelibeba?" Kuanzia sekunde ya 40 shoti zinafupika, kutoka sekunde mbili hadi fremu 12, mburuzo wa bati ukipanda. Sekunde ya 62, giza na ukimya kamili kwa sekunde nne. Wanafunzi walitaka kuujaza ukimya huo kwa ngoma, nikakataa. Jina la filamu. Giza tena, halafu unasikia kufuli likidondoka sakafuni. Hilo la mwisho lilikuwa wazo la kijana wa kidato cha kwanza aliyekuja kushika shuka jeupe. Sharti la ukutani halikuvunjwa: tranka hatukuliona likifunguka.

Maandishi yakae hadi uyasome mara mbili bila haraka. Muziki wa Bongo Fleva unaopigwa redioni uache. Una wenyewe, na YouTube itautambua. Mtafute mwanafunzi anayepiga zeze, kinanda au hata chupa, arekodiwe, aandikwe kwenye majina. Kwenye kipimo cha sauti cha programu, kilele cha mazungumzo kisizidi -6 dB.

Hatua ya 7: Kutoa na kujaribu

Toa faili ya MP4 ya H.264 (namna ya kubana video), megabiti 16 kwa sekunde. Sekunde 75 zitakula kama MB 150. WhatsApp huzibana video hadi giza linageuka viraka, kwa hiyo itume kama dokumenti.

Kisha mwonyeshe mtu asiyejua hadithi, kwenye simu yake, nje juani. Muulize kitu kimoja: "Unataka kujua nini?" Mama ntilie anayetuuzia chai alijibu, "Hilo sanduku la nani?" Tukahifadhi faili kwenye flashi mbili, tukarudisha laptopu.