Jinsi ya kuomba hesabu ya asilimia 10 ya mrabaha wa madini, Kenya

"Pesa zetu ziko wapi?" Barazani swali hili hupigiwa makofi. Likiandikwa kwenye barua halijibiki, maana ofisa atajiuliza: pesa zipi, za mwaka gani, za mgodi upi?

Basi anza kwa kujua unachodai. Kifungu cha 183 cha Sheria ya Madini ya 2016 kinaugawa mrabaha, yaani malipo ambayo mgodi huilipa serikali kwa madini unayochimba, mafungu matatu: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya pale uchimbaji unapofanyika. Mgodi ukilipa mrabaha wa shilingi milioni 100, fungu la jamii ni milioni 10. Usilichanganye na ile asilimia 1 ya mapato ghafi ya mauzo ambayo mgodi mkubwa hutoa kupitia mkataba wa maendeleo ya jamii. Hiyo inatoka kwa kampuni yenyewe na ina kamati yake. Ukiziuliza zote mbili kwa pumzi moja, utajibiwa ile iliyo rahisi.

Barua iende kwa idara ya serikali ya kitaifa inayosimamia madini, kwa kuwa mrabaha hulipwa huko kwanza. Kaunti waulize kuhusu asilimia 20 yao tu. Ukikosea mlango si neno: ofisi isiyo na habari hizo inaweza kuipeleka barua yako panapohusika ndani ya siku 5.

Sasa uandishi wenyewe, na hapa usikimbie. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakubali Kiswahili sawa na Kiingereza, na asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, ofisa amwandikie na kumpa nakala. Taja jina lako, anwani na nambari ya kitambulisho, kwa kuwa haki hii ni ya raia. Sababu ya kuuliza si lazima uitoe. Kisha omba karatasi, usiombe maelezo. Kwa mfano:

"Naomba nakala za kumbukumbu zinazoonyesha, kwa kila mwaka wa fedha kuanzia 2016/17: (a) mrabaha uliolipwa na mgodi fulani, (b) kiasi cha asilimia 10 ya jamii, (c) tarehe kilipotolewa na akaunti kilikopelekwa."

Angalia miaka. Kule Kwale, kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini 2014 na ikamaliza kuchimba mwishoni mwa 2024, lakini mgao huu umo katika sheria iliyoanza Mei 2016. Ukidai asilimia 10 ya 2014 kwa kifungu hiki, umewapa sababu ya kukataa barua nzima.

Toa nakala mbili, yako ipigwe mhuri wenye tarehe. Barua yangu ya kwanza nilimwachia mlinzi getini, nikarudi nyumbani nimeridhika. Hadi leo sijui niliandikia nani.

Kuwasilisha ombi hakuna ada. Unaweza kutozwa gharama halisi za kutoa nakala na posta, basi.

Kuanzia tarehe ya mhuri, ofisi ina siku 21. Inaweza kujiongezea mara moja tu, isizidi siku 14. Muda ukipita kimya, kisheria ombi lako limekataliwa, na kukataliwa huko ndiko kunakokufungulia mlango wa pili: Tume ya Haki ya Utawala, wengi wanaijua kama Ombudsman. Andika kuomba mapitio ndani ya siku 30, ukiambatisha ile nakala yenye mhuri.

Likija jibu kwamba jamii haijapokea hata shilingi, usilitupe. Liambatishe kwenye barua ya pili, uulize fungu hilo limehifadhiwa akaunti gani na linasubiri nini.