Mazoezi kwa mwenye COVID ya muda mrefu: namna ya kuyapima kulingana na mwili wako

Shirika la Afya Duniani huihesabu COVID kuwa ya muda mrefu pale dalili zinapoonekana miezi 3 baada ya maambukizi, zikadumu angalau miezi 2, na zisiwe na chanzo kingine. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, sharti hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu kifua kikuu, malaria na upungufu wa damu huchosha mwili kwa namna inayofanana sana. Kwa hiyo anza kwa daktari.

Kisha chunguza jambo moja kabla ya mengine yote: ukijitahidi leo, unakuwaje kesho na keshokutwa? Kuna wagonjwa ambao saa 12 hadi 72 baada ya juhudi ndogo tu huanguka kwa uchovu mzito, maumivu na ukungu wa mawazo. Watafiti wa Amsterdam, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2024, walichunguza vipande vya misuli ya wagonjwa wa aina hii kabla na baada ya zoezi kali, wakakuta kwamba uwezo wa misuli kutengeneza nguvu ulikuwa umepungua na majeraha yake yameongezeka. Ndiyo maana kumwambia mgonjwa huyo ajikaze ni kumdhuru, na ninaziomba familia zisimwite mvivu. Yeye agawe kazi vipande vidogo, apumzike kabla hajachoka, na ahesabu kila juhudi: kupanda mteremko wa mtaa wa Kadutu ukiwa na bidoni la maji ni zoezi zito, hata kama hakuna anayeliita hivyo.

Asiyeanguka namna hiyo hunufaika kweli na mazoezi, kwani moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, misuli iliyodhoofika kitandani hurudisha nguvu, na pumzi hutosha kazi za nyumbani. Aanze kwa kutembea dakika 5 mahali tambarare, akiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Aandike kwenye daftari muda aliotembea na hali yake ya siku mbili zilizofuata, na asiongeze dakika kabla ya wiki nzima kupita bila dalili kuzidi.

Ikiwa mapigo ya moyo ya mtu mzima, yakihesabiwa kwa dakika moja, hupanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama tu, na anapata kizunguzungu, amwambie daktari, na mazoezi yaanzie kitandani au kwenye kiti: kuinua mguu mmoja mmoja, kukunja na kunyoosha magoti. Anywe maji ya kutosha, lakini asiongeze chumvi bila ushauri wa daktari, hasa mwenye shinikizo la damu.

Maumivu ya kifua, kuzimia, mguu mmoja kuvimba au pumzi kukatika ghafla ni sababu ya kuacha mara moja na kwenda hospitali siku hiyo hiyo.