Kaiti ya kamba mbili: kuchagua ya kwanza na kuirusha bila kuivunja

Kama uko Kisumu na unataka kurusha kaiti ya kamba mbili, yaani tiara unayoiongoza kwa kamba moja kila mkono, upepo si shida, jua likishachoma mchana ule upepo wa ziwa unaanza kuingia, tafuta tu uwanja wazi usio na miti wala nyumba karibu maana zinauvuruga.

Ya kwanza usichukue ndogo eti ndio ya kujifunzia, ndogo ina kasi mpaka mikono inachelewa. Tafuta yenye mabawa ya kama mita 1.5 hadi 2, fito za fibaglasi, kaboni ni nyepesi kweli lakini ikishuka kwa pua inapasuka na mwanzoni itashuka kwa pua sana tu. Kamba mita 20 hadi 25, zote mbili urefu sawa kabisa, moja ikizidi hata kidogo kaiti itakuwa inazunguka upande mmoja halafu unalaumu upepo bure.

Upepo uwe mgongoni, rudi nyuma hatua mbili tatu ukivuta mikono yote pamoja. Ikipanda, vuta kulia iende kulia, kushoto vivyo hivyo, na usizungushe mikono kama stelingi ya matatu, ni kuvuta tu. Kamba zikijisokota usipaniki, kaiti bado inasikia mikono yako, izungushe upande ule mwingine kamba zitafunguka. Ikija chini mbio tembea mbele kuielekea, kamba zinalegea inaishiwa nguvu.

Waya za stima kaa mbali, eapoti pia, na mawingu yakianza kujikusanya kunja kamba uende, radi ya Kisumu si mchezo.