Mkufu wa karatasi ya kalenda: shanga zisizofumuka

Mkufu wa kwanza niliouza ulirudi baada ya wiki mbili. Mteja aliuvaa harusini hapa Dar es Salaam, mwezi wa Februari, ukumbi umejaa, jasho likamshuka shingoni. Shanga tano zikafumuka, ncha zimesimama kama majani makavu. Nilimrudishia hela yake, nikakaa mezani nikizipasua moja moja kwa wembe. Nje vanishi ilikuwa bado inang'aa. Ndani, pale kwenye tundu, karatasi ilikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ndipo nilipoelewa kwamba maji hayamwingilii ushanga mgongoni, yanapita kwenye midomo miwili ya tundu. Sehemu kubwa ya mwongozo huu imetokana na shanga zile tano.

Kazi hii ina mafundi hodari sana jirani zetu wa Kampala. Kule Acholi Quarter, upande wa Kireka, akina mama waliokimbia vita kaskazini mwa Uganda wamekunja shanga za karatasi kwa miaka mingi, wengine wakiponda kokoto kwenye machimbo ya mawe papo hapo. Shanga zao zimefika mpaka Marekani. Nasema haya ili usidhani ni kazi ya kupotezea muda. Imelipa ada za shule.

Vitu vya kuandaa. Kalenda ya ukutani iliyopitwa na wakati, rula, penseli, mkasi mkali, shazia (ile sindano nene ya kushonea magunia, au kijiti chembamba cha mishikaki kama huna), gundi nyeupe ya mbao, vanishi ya mafuta, mshipi wa kuvulia samaki wa milimita 0.4, shanga ndogo za kioo, na kifungo cha mkufu. Shanga za kioo na vifungo mimi huvipata Kariakoo. Kalenda usinunue: kila Januari maduka na ofisi zinatupa za mwaka uliopita, kazi yako ni kuomba.

Kwa nini kalenda? Karatasi yake ni ngumu, inateleza, na wino wake umeshakauka kabisa. Gazeti linanywa gundi na kutoa ushanga wa kijivu unaobonyea. Picha uliyoichapisha nyumbani kwa printa ya wino wa maji itachuja rangi mara gundi ikiigusa.

Hatua ya 1: kuchagua rangi. Wengi hutazama picha nzima, "ua hili zuri," wakakata, kisha ushanga ukatoka hauna ua hata kidogo. Ukishakunja, sehemu kubwa ya karatasi inafunikwa. Kinachobaki kuonekana ni kingo mbili ndefu za kipande na ncha yake ya mwisho. Kwa hiyo tafuta karatasi yenye rangi zinazobadilika kwa urefu, kama anga la jioni linaloishia baharini. Ncha ikiwa nyekundu, ushanga utakuwa na mkanda mwekundu tumboni.

Hatua ya 2: kupima na kukata. Punguza karatasi iwe na ukubwa wa A4, yaani sentimita 21 kwa 29.7, uilaze wima. Ukingo wa chini weka alama kuanzia 0, halafu 2, 4, 6, mpaka 20. Ukingo wa juu anza na 1, halafu 3, 5, mpaka 19. Sasa chora mistari ya kupanda na kushuka: 0 ya chini kwenda 1 ya juu, 1 ya juu kurudi 2 ya chini, hivyo hivyo mpaka mwisho. Utapata pembetatu 19 ndefu zenye kitako cha sentimita 2, na vipande vya pembeni ambavyo havina kazi. Mkufu wetu unahitaji shanga 18. Wa kumi na tisa una kazi yake, nitaieleza mbele.

Kata katikati ya mstari, polepole. Kipande kilichokatwa kikayumba hutoa ushanga wenye bega moja.

Hatua ya 3: kukunja. Weka kitako cha pembetatu juu ya shazia, upande wa rangi ukiwa nje, na uanze kuzungusha kwa kidole gumba na cha shahada. Mzunguko wa kwanza hauwekwi gundi, la sivyo ushanga utang'ang'ania sindano. Ukishafunga huo mzunguko, paka gundi nyembamba sehemu yote iliyobaki, kwa ncha ya kidole, na uendelee kukunja huku unavuta karatasi kidogo kuelekea kwako. Mkono wako unatakiwa uhisi ukinzani. Ukikunja kwa kulegeza, unaacha nafasi kati ya tabaka, na ndimo unyevu utakamokaa.

Angalia ncha muda wote: iwe katikati, sawa na mshale. Ikianza kukimbia kushoto, usiilazimishe mwishoni. Fumua mizunguko miwili, mitatu, uanze tena kabla gundi haijashika. Ukifika mwisho, bana ncha ukihesabu mpaka kumi.

Kwa karatasi ya kalenda, tumbo la ushanga hutoka na unene wa milimita 7 au 8. Ukitaka mnene zaidi unaweza kuunga vipande viwili, lakini hautakuwa mnene mara mbili, kwa sababu kila mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani na unakula karatasi zaidi.

Chomoa shazia kwa kuizungusha, si kwa kuivuta.

Hatua ya 4: kuziba midomo. Hii ndiyo niliyoikosa. Ule mzunguko wa kwanza usio na gundi ndio mlango wa maji. Changanya gundi na maji nusu kwa nusu, chovya ncha ya kijiti cha meno, na uguse tundu pande zote mbili mpaka uone karatasi imelowa kwa ndani. Pitisha kijiti tunduni ili pasizibe. Acha zikauke usiku mzima. Wakati wa masika mimi huziacha siku mbili.

Hatua ya 5: vanishi. Zitunge shanga kwenye waya mwembamba zikiwa mbalimbali. Mara ya kwanza zichovye zima zima ili vanishi ipite tunduni, kisha tikisa na uchomeke kijiti kila tundu kuondoa iliyozidi. Ning'iniza waya kivulini penye upepo, nje ya chumba cha kulala, maana harufu yake ni kali. Jua la saa sita huikausha juu tu na kuacha vipovu. Baada ya siku nzima, paka mkono wa pili, yaani tabaka la pili, kwa brashi, na kesho yake wa tatu. Mikono mitatu, usipunguze hata kama mteja anapiga simu.

Sasa ule ushanga wa kumi na tisa. Uzamishe kwenye glasi ya maji kwa robo saa, ufute, kisha ubane kwa kucha kwenye mdomo. Ukiwa mgumu, endelea. Ukibonyea, shanga zote 18 zirudi kwenye vanishi.

Hatua ya 6: kutunga. Kata mshipi sentimita 70. Ukiwa na mikunjo kwa kuzungushiwa kwenye kibiringo chake, uloweke dakika chache kwenye maji ya moto uunyooshe. Shanga mbili nzuri kuliko zote ziwe za katikati, utunge ukienda pande zote mbili, na kati ya shanga na shanga weka za kioo mbili ndogo. Weka mbili pia kila mwisho. Utafika kama sentimita 45, urefu unaokaa vizuri juu ya mfupa wa shingo. Vipande vya kifuu vilivyopigwa msasa vinapendeza pia badala ya kioo. Ila vile vimbegu vyekundu vyenye jicho jeusi siviweki kabisa: vina sumu kali, na watoto hupenda kutafuna mikufu.

Mshipi unateleza, kwa hiyo fundo la kawaida halitoshi. Kwenye tundu la kifungo pitisha mara mbili, funga fundo, lirudie tena, kaza kwa koleo, halafu urudishe mkia wa mshipi ndani ya shanga mbili tatu kabla ya kuukata. Kisha uning'inize mkufu msumarini usiku kucha, na kitu kizito kidogo chini yake, mimi huweka mkasi. Fundo litakaloachia, liachie pale.